Kazi Itadumu Hadi Lini? Hesabu ya Mfanyakazi wa Kibondo na Kasulu

Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, idadi ya watu Tanzania iliongezeka kwa wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Mkoa wa Kigoma uliongezeka kwa asilimia 1.5 tu, kutoka watu 2,127,930 hadi 2,470,967. Katavi, jirani yake wa kusini, ulikua kwa asilimia 7.1, na Geita kwa zaidi ya asilimia 5. Asiyeijua Kigoma angedhani huko watu hawazai. Anayezijua wilaya zake za Kasulu na Kibondo anajua jinsi madarasa ya shule za msingi yalivyofurika watoto. Wanaoondoka ni watu wazima wenye nguvu: wamekwenda kulima tumbaku Urambo na Kaliua, kutafuta mashamba mapya Katavi, kuchimba dhahabu Geita na Kahama, kufanya biashara Dar es Salaam.

Ukiuliza sababu, jibu la haraka ni maisha magumu. Jibu hilo si la uongo, ila halifiki mbali. Halielezi kwa nini katika nyumba moja kaka huondoka na mdogo wake hubaki. Halielezi kwa nini muuguzi mwenye ajira ya kudumu Kibondo huomba uhamisho kwenda wilaya ambako mshahara wake utakuwa ule ule, wala kwa nini kijana anayepata fedha machimboni hufunga virago mvua zinapokaribia. Ninavyoona, yako maswali mawili ambayo mfanyakazi wa huku, awe kibarua au mhasibu, huyapima sambamba na mshahara, na mara nyingi kabla yake. Kazi hii itadumu hadi lini? Na nikiwa huko, nyumba yangu inasimama juu ya nini?

Wachumi wamelikaribia jambo hili. Mwaka 1970 John Harris na Michael Todaro, wakiwa na hali ya Kenya mbele yao, walieleza kwa nini watu huendelea kumiminika mjini hata kazi zikiwa haba. Mtu hautazami mshahara wa mjini ulivyo. Huupunguza kwa kadiri ya uwezekano wa kuupata. Kazi ya shilingi 300,000 ambayo kati ya wawili ataipata mmoja, kwenye hesabu hiyo ina thamani ya shilingi 150,000. Ilikuwa hatua kubwa, kwani ilionyesha kwamba anayepanda basi kwenda mjini bila kazi mkononi hajapotewa na akili. Lakini mtu wa hesabu ile yuko peke yake. Kasulu mtu wa namna hiyo ni nadra. Yuko mama, yuko mke, wako wadogo wa kusomeshwa, liko shamba ambalo lisipolimwa miaka miwili mitatu jirani au shemeji ataanza kulisogelea. Anapoondoka mmoja, nyumba nzima hubadilisha mpangilio wake.

Tuanze na shamba, maana ndilo linaloamua nani anaweza kuondoka na lini. Mvua za nyanda za juu za Kigoma huanza Oktoba na kuendelea hadi Mei, na kiangazi ni kama miezi minne, Juni hadi Septemba. Maharage hayangoji mtu: yanapandwa mvua zinapoanza, kisha tena kuanzia Februari, na kila mara yanataka mikono kwa siku zile zile kwa kila nyumba. Mahindi nayo yana siku zake. Muhogo ni kitu kingine. Ukishapandwa na kupaliliwa vizuri mwanzoni, unaweza kukaa ardhini mwaka mmoja, hata mwaka na nusu, na mwenye nyumba akachimba kidogo kidogo kadiri chungu kinavyohitaji. Unamenywa, unalowekwa, unaanikwa, unasagwa, unakuwa unga wa ugali. Nyumba yenye muhogo wa kutosha inaweza kumruhusu kijana aende, kwa sababu chakula hakiharibiki kwa kukosa mvunaji mmoja. Isiyo na muhogo humrudisha mtu Oktoba, apende asipende. Wanaoshangaa kwamba vibarua wa Kigoma hawatulii mahali pa kazi wangetazama kwanza kalenda hiyo.

Safari zenyewe ni za zamani kuliko reli. Uvinza, bondeni kwenye chemchemi za maji ya chumvi, watu wamekuwa wakichemsha chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Wakati wa kiangazi watu wa Buha, nchi ya Waha kwenye nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, walishuka huko, wakachemsha, wakabeba mizigo yao, wakarudi kabla ya mvua. Kazi ilikuwa na mwisho unaojulikana, na mwisho huo ulipatana na msimu wa kulima. Hapakuwa na haja ya kuchagua kati ya kazi na nyumbani.

Kodi ndiyo iliyovuruga mpangilio huo. Wajerumani, na baada yao Waingereza, walitaka kodi ya nyumba na ya kichwa ilipwe kwa fedha taslimu, na Buha ilikuwa na mazao mengi ya kula lakini machache ya kuuza. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Upande wa pili wa nchi, karibu kilomita 1,000 au zaidi, yalikuwako mashamba ya mkonge, zao lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893: Tanga, Muheza, Korogwe, Morogoro, Kilosa. Mkonge una miiba, juani kuna joto, na watu wa jirani na mashamba hayo walikuwa na namna nyingine za kupata fedha. Basi mikono ikatafutwa mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya pamoja ya kukusanya wafanyakazi, SILABU, na Kigoma, Kasulu na Kibondo zikawa miongoni mwa sehemu zilizotegemewa sana. Nadhani serikali ya kikoloni haikusikitika kuona Buha haina zao kubwa la biashara. Wilaya yenye kahawa nyingi isingetoa manamba, vibarua wa mkataba wa mashamba hayo.

Manamba alifanya kazi kwa kipande. Hii ilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30, na kila siku aliyomaliza sehemu yake ya kazi ilitiwa alama. Mshahara ulitoka kadi ikijaa. Asiyemaliza sehemu yake, siku ile haikuhesabiwa. Ugonjwa haukuhesabiwa. Kwa hiyo mwezi wa kipande ungeweza kuchukua wiki sita au zaidi za kalenda, na mtu aliyeahidi nyumbani kwamba angerudi mwaka fulani alijikuta bado anadaiwa siku. Kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha hakukuwa suala la kutoelewana na mwajiri tu. Chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, kutoroka kazini lilikuwa kosa la jinai. Wengi walitoroka hata hivyo. Kwenye daftari za mashamba walionekana wavivu au wasioaminika. Kwangu mimi wanaonekana watu waliokuwa wamenyimwa njia nyingine yoyote ya kusema kwamba kazi haifai.

Lakini tusiwageuze wote kuwa watu waliosukumwa tu. Vijana walikuwa na hesabu yao pia. Katika Buha ya zamani ng'ombe alikuwa mikononi mwa wakubwa, na aliyetaka mnyama wa mahari aliingia katika ubugabire: alipewa ng'ombe na mkubwa fulani na kubaki chini yake kwa utumishi na heshima, pengine maisha yake yote. Fedha ya mkonge ilifungua mlango mwingine. Kijana aliyerudi na fedha yake aliweza kupata mahari bila kupiga magoti kwa mkubwa, na wakati mwingine bila kumngoja hata baba yake. Waliobaki na mzigo ni wanawake. Jembe la mume aliyeondoka halikuondoka naye. Mke alilishika pamoja na la kwake, na mambo ya nyumba akayaamua peke yake huku bado akihesabiwa kuwa anamngoja mume. Hesabu yoyote ya kile ambacho mkonge uliiingizia Tanganyika ina upungufu ikiwa haikuweka ndani yake saa za kazi za wanawake hao.

Mchumi Walter Elkan, aliyewachunguza wafanyakazi wa Kampala na kuchapisha kitabu chake mwaka 1960, alipingana na waliodai kuwa Mwafrika hurudi kijijini kwa sababu hajazoea kazi ya kiwandani. Alionyesha kwamba mtu aliyeshika kazi mjini na ardhi kijijini alikuwa anafanya busara, kwa kuwa mshahara haukutosha kulea familia mjini na kazi haikumwahidi chochote uzeeni. Hoja hiyo ilipata uthibitisho Tanganyika yenyewe. Kuanzia 1963 kima cha chini cha mshahara kilipandishwa, na wenye mashamba ya mkonge, ambao sasa mfanyakazi aliwagharimu zaidi, wakaajiri wachache na kuwataka wakae. Utoro kazini ukapungua, watu wakakaa muda mrefu zaidi. Tabia iliyodhaniwa kuwa ya kabila ilibadilika ndani ya miaka michache kwa sababu masharti yalibadilika.

Kisha kazi yenyewe ikapukutika. Uzalishaji ulifika kilele cha tani kama 230,000 mwaka 1964, nyuzi za viwandani zikaiangusha bei, na mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967. Wako Waha ambao hawakurudi hadi leo, na wajukuu wao ni wenyeji wa Korogwe na Muheza. Walipata kiwanja, wakaoa, wakazika wazazi wao huko. Kwao swali la pili, la nyumba inasimama juu ya nini, lilikuwa limeshajibiwa mahali pengine.

Kuhama nyumba, tofauti na kuhama kazi, mara nyingi huku hakukuwa kwa hiari. Miaka ya 1930 maelfu walikusanywa katika makazi mapya ili kuwaepusha na malale, na sehemu kubwa za pori la Kibondo zikabaki tupu. Mwaka 1972 Kigoma ikawa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuhamishiwa watu wake katika vijiji vya pamoja. Mtu aliyelima nyuma ya nyumba yake alijikuta anatembea saa nzima kufika shambani.

Miaka ishirini baadaye mambo yaligeuka kwa namna ambayo hakuna aliyeitabiri: kazi zilikuja zenyewe. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa Oktoba 1993, na Warundi wakavuka mpaka kwa mamia ya maelfu. Kibondo ikapata kambi za Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Karago na Mkugwa. Kasulu ikapata Mtabila na Muyovozi, na mwaka 1996 Nyarugusu ikafunguliwa karibu na Makere kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Pamoja na wakimbizi yalikuja mashirika, na mashirika yalihitaji madereva, walinzi, watunza stoo, wakalimani, wauguzi, walimu, wahasibu. Kijana wa Kasulu aliyekuwa anajua Kiha, na kwa hiyo alielewana na Mrundi bila tabu, ghafla alikuwa na ujuzi wenye soko.

Mtafiti Beth Elise Whitaker, aliyefanya utafiti Kagera na Kigoma mwishoni mwa miaka ya 1990, aliandika jinsi watumishi wa serikali walivyoziacha shule na zahanati na kwenda kwenye mashirika yaliyolipa mara kadhaa zaidi. Wakati ule serikali ilikuwa imebana ajira na mishahara ilichelewa. Siwezi kumlaumu mganga aliyehama. Lakini zahanati aliyoiacha ilikuwa ya kijiji kilichokuwa hapo kabla ya kambi na kingekuwa hapo baada yake. Wenye vyumba vya kupanga walifaidi, wauza maharage na mihogo walifaidi, na mama mjamzito wa kijijini akakuta mlango wa zahanati una kufuli.

Halafu likaja swali la muda. Kazi ya kambini huandikwa kwa mwaka, wakati mwingine kwa miezi sita, kwa sababu mfadhili naye hutoa fedha kwa mwaka. Ifikapo Novemba, ofisini watu hawazungumzi jingine: mradi umeongezwa au haujaongezwa? Mwenye mkataba unaokwisha Desemba hajengi, hakopi kwa urahisi, na hamhamishi mke wake kutoka Mwanza au Kigoma mjini. Anapanga chumba, anaweka godoro, televisheni na jiko la gesi, vitu vinavyoingia nyuma ya pikapu moja, na tangu Oktoba anatuma maombi ya kazi kwingine. Hata mkataba ukiongezwa, anaondoka Machi kwa kazi ya mshahara mdogo kidogo Ngara au Dodoma, na mwajiri anashangaa. Hakuna la kushangaza. Ameuza sehemu ya mshahara akanunua miezi.

Historia inamuunga mkono. Kambi za Kibondo zilifungwa moja baada ya nyingine miaka ya 2000, na Mtabila ikafungwa Desemba 2012. Biashara za pembeni mwa barabara zikafa. Kisha Aprili 2015, Rais Pierre Nkurunziza alipotaka muhula wa tatu, Warundi wakaja tena: Nyarugusu ikajaa hadi kuwa moja ya kambi kubwa kabisa duniani, Nduta ikafunguliwa upya Oktoba mwaka huo na Mtendeli Januari 2016. Waliowahi kuwa madereva na wauguzi wa kambi wakaitwa tena. Urejeshaji ulianza 2017, Mtendeli ikafungwa mwisho wa 2021, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika ya wakimbizi duniani kote yakaanza kupunguza watu. Mtu wa miaka 50 wa Kibondo ameona kazi zikija na kuondoka mara mbili ndani ya maisha yake ya utu uzima. Akimwambia mwanawe asome ualimu aajiriwe na serikali, anasema alichokiona.

Kuna haki moja ambayo wengi hawaidai wanapofungashiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 43, inamtaka mwajiri anayemwachisha kazi mtu mbali na mahali alikoajiriwa amrudishe huko, yeye na mizigo yake, au alipe gharama za safari. Na kwa siku anazongojeshwa kabla ya kusafirishwa, amlipe fedha za kujikimu. Aliyeajiriwa Dar es Salaam akaletwa Kasulu anastahili. Aliyeajiriwa Kasulu hapo hapo hastahili, na ndiyo maana ni muhimu kusoma mstari unaotaja mahali pa kuajiriwa kabla ya kutia saini. Nimesikia watu wakijadiliana siku nzima juu ya posho na kuupita mstari huo bila kuutazama.

Watumishi wa serikali wana tatizo lililo kinyume. Kazi yao haina mwisho hadi kustaafu, na bado wanaondoka. Mwalimu mpya anaripoti shule iliyo mbali na barabara, anakuta nyumba ya walimu ni moja na inakaliwa na mwalimu mkuu. Anapanga chumba katika nyumba ya udongo, na kwa mambo yake ya kiofisi anapanda bodaboda hadi makao makuu ya wilaya kwa nauli inayoumiza. Mwenza wake yuko Moshi au Mbeya. Akiomba uhamisho wa kumfuata mwenza anaambiwa atafute wa kubadilishana naye, na hapo ndipo makundi ya simu yanapojaa matangazo: nipo Kibondo, natafuta mtu wa Morogoro. Wa Morogoro wanaotaka Kibondo ni wachache, isipokuwa aliyezaliwa huko. Na kwa kuwa ameomba mwenyewe, gharama za kuhama ni zake. Kama mwajiri ndiye angemhamisha, angelipwa posho ya usumbufu na gharama za mizigo. Watu hukubali hasara hiyo, jambo linaloonyesha jinsi walivyochoka.

Miaka mingi ugumu huo uliongezwa na barabara. Kuna kipindi mabasi ya Kasulu, Kibondo na Nyakanazi yalisafiri yakisindikizwa na polisi wenye silaha kwa sababu ya majambazi, na masika tope lilifanya safari ya asubuhi iishe usiku. Aliyefikiria kumleta mama yake mgonjwa au mtoto mchanga kwenye kituo kama hicho alikuwa na sababu ya kusita ambayo nyongeza ya mshahara haikuigusa. Lami inayounganisha Manyovu, Kasulu, Kibondo, Kakonko na Nyakanazi inabadilisha hesabu hiyo, na umeme wa gridi pia. Lakini lami haina upande. Basi linalomfikisha mwalimu kwa wepesi ndilo linalomfikisha kijana wa Kasulu Kahama siku hiyo hiyo, na nauli ya kwenda kujaribu bahati sasa ni rahisi kuipata.

Simu nayo imegeuza namna ya kurudi. Zamani fedha ilirudi pamoja na mwenyewe, imefungwa kiunoni, na kwa hiyo kurudi kulikuwa lazima. Tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008, fedha ya palizi inafika bila mtu. Mke anaajiri kibarua, shamba linalimwa, mume anabaki Geita mwaka mwingine. Sina hakika kama hili ni jema kwa ndoa, lakini limelegeza kamba iliyokuwa ikimvuta mtu nyumbani kila Oktoba.

Na kibarua anayeajiriwa mara nyingi ni Mrundi. Huyu ndiye anayefanya leo kile ambacho babu wa Kasulu alifanya Tanga. Anavuka mpaka kwa miguu msimu wa kilimo, anaishi kwenye kibanda pembeni mwa shamba, anakubaliana malipo yatolewe baada ya mavuno, na mara nyingi hana kibali chochote. Aliye mkimbizi naye hana ruhusa ya kutoka kambini kwenda kufanya kazi. Wako wenye mashamba wanaowalipa kwa uaminifu na kuwapigia simu msimu unaofuata. Wako pia wanaolalamikiwa kwamba siku ya malipo inapokaribia hutishia kuita maofisa wa uhamiaji, na kibarua akakimbia bila senti. Kosa hili ni kubwa na linafanyika karibu sana nasi. Waha waliokatwa siku zao kwenye kipande wanapaswa kulielewa kuliko watu wengine wote, na yeyote anayepokea dai la mtu wa namna hiyo anapaswa kuanza na siku alizolima, masuala ya karatasi yafuate baadaye.

Halmashauri za Kibondo na Kasulu haziwezi kuifanya dhahabu isivutie, wala kuamua mfadhili wa Geneva atatoa fedha kwa miaka mingapi. Ziko hatua zilizo ndani ya uwezo wao. Nyumba ya mtumishi ijengwe pamoja na darasa au zahanati, kabla ya kumwita mtu aje kuripoti. Wahitimu wa Chuo cha Ualimu Kasulu ambao ni wenyeji, na wanaotaka kubaki, wapewe nafasi ya kwanza kwenye shule za pembezoni, kwa kuwa wao wana mashamba na wazazi hapo hapo. Na shirika linaloingia mkataba na wilaya liulizwe mapema limejiandaaje kwa siku ya kufunga ofisi: nani atawachukua wauguzi wake, magari yatabaki wapi, walinzi watalipwa nini. Maswali hayo yaulizwe mradi unapoanza, wakati shirika bado linahitaji saini ya wilaya.

Kijana wa Kasulu ataendelea kwenda Geita, na hakuna ubaya. Swali ni kama muhogo wa mama yake una ugonjwa wa batobato au la, maana ukishaugua shamba zima, aliyekusudia kurudi na mtaji wa duka hurudi mapema kulima, na aliyekusudia kubaki nyumbani naye hulazimika kuondoka kutafuta fedha ya unga.